Breki ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, Julai. Baridi ya kukera. Mlima umejifunika wiki nzima, na nguo nilizofua Jumatatu hazijakauka, hata soksi.

Leo nimenunua baiskeli ya pili. Nilidhani nitaandika sentensi hiyo nikiwa nacheka.

Kwa wageni wa blogu hii: nilianza kuendesha mwaka jana, mimi na Restituta, mwalimu mwenzangu. Tulinunua baiskeli za mbio za mtumba, zote mbili za kutoka Japani, kuukuu, nzito, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Watoto wa huku Kiboriloni walitucheka mpaka wakachoka wenyewe. Tulipoweza kupanda mpaka kwao Resti, Uru, bila kushuka kusukuma, tamaa ikatuingia. Tukataka nyingine, nyepesi. Resti akatangulia. Resti hutangulia kila kitu.

Yake ilitoka kwenye kontena la Ujerumani. Muuzaji alimwambia wazi kwamba breki zake ziko kinyume na za kwetu. Sisi tulizoea kushoto ni breki ya nyuma, kwenye ile kushoto ni ya mbele. "Utazoea tu, dada." Resti akasema atazoea.

Kichwa kilizoea. Mkono haukuzoea.

Tulikuwa tunashuka, ile kona ya chini ya kwao, barabara imelowa. Pikipiki yenye mikungu ya ndizi ikajitokeza ghafla, naye akakamata breki ya kushoto kwa nguvu zote, kama tulivyofanya siku zote. Gurudumu la mbele likaganda. Nilikuwa nyuma yake, niliona kila kitu, na sitaki kuandika zaidi ya hapo. Miguu yake haisikii kitu tangu siku hiyo.

Ni yeye aliyenilazimisha ninunue. Wiki iliyopita alinigombeza: "Lile gogo lako utalipanda mpaka lini? Nunua nyingine uniletee niione. Na usiniletee tena sura ya msibani." Basi asubuhi nikashuka Majengo kwa fundi Athumani, anayetengeneza na kuuza.

Alikuwa nazo tatu. Moja fremu kubwa, vidole tu ndivyo vilivyogusa chini. Nyingine ina ufa uliofichwa na rangi mpya, nami si kipofu. Ya tatu, ya kijani. Nilipoikalia tu nikajua ndiyo hii. Mikono ilifika bila mgongo kuvutwa, nikakanyaga mara mbili ikaondoka yenyewe. Nikazunguka nyuma ya msikiti nikicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe bado naweza kufurahi! Kisha kuku akakatiza, mkono wa kushoto ukabana kabla sijafikiri, na mkia wa baiskeli ukainuka.

Sikuanguka. Nilirudi nikiisukuma, nikamwambia fundi siitaki, breki zake ni kama za ile iliyomlemaza mwenzangu. Akanishangaa.

"Si breki tu? Nahamisha waya, wa kushoto uende nyuma, wa kulia mbele. Kaa hapo unywe chai, ukimaliza nami nimemaliza."

Chai.

Nikakaa. Sijafika nusu ya kikombe, fundi anafuta mikono, ananiuliza kama nataka na kengele. Mimi nilikuwa nataka kumpiga mtu. Nikamtafuta kichwani mtu wa kumpiga, nikamkosa. Muuzaji hakudanganya. Resti hakuwa mzembe. Ni kwamba hakuna aliyefikiria kuuliza, basi.

Nilipanda Uru na uamuzi mmoja: Resti hatajua. Ataisifia rangi, nitakunywa mtori wa ndizi wa mama yake, nitaondoka. Acha aendelee kuamini kwamba baiskeli ile ilizaliwa hivyo na haikuwa na dawa. Nakiri kwamba sikuwa nikimhurumia yeye peke yake. Niliogopa uso wake akijua.

Mama yake alinipokea kwa salamu ya Kichaga, "shimbonyi," ya sauti ya chini. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akaitazama baiskeli, akarudi jikoni. Resti alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, nywele zimesukwa upya.

"Aisee, Geno! Kijani gani hiki, panzi? Hebu ilete."

Nikaisogeza mpaka akashika usukani. Mikono yake ni mizima kabisa. Akapapasa fremu, akagonga tairi, akauliza imetoka wapi. Nikasema Ujerumani. Ulimi uliniteleza, aisee, ningeweza kusema popote pale.

Kisha mkono wake wa kushoto ukabana breki kwa ghafla, kwa nguvu, kama siku ile.

Raba za nyuma zikashika. Za mbele zikabaki wazi.

Akatazama nyuma, akatazama mbele. Akaachia, akabana tena.

"Kumbe zinabadilishwa," akasema.

"Ndiyo."

"Inachukua muda gani?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa njia nzima. Haukutoka. Nikamwambia kikombe cha chai, tena hata sikukimaliza.

Hakulia. Afadhali angelia. Alicheka kidogo, puani, akasema, "Siku ile nanunua nilikunywa viwili, Geno. Nasubiri tu anijazie upepo."

Mtori ukaletwa, ukapoa. Mkono wake haukutoka kwenye breki. Anabana, anaachia, anabana, macho kwenye zile raba, na mimi nimesimama nimeshikilia baiskeli kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Wakati wa kurudi, kwenye ile kona nilishuka nikaisukuma, mimi na baiskeli yangu mpya yenye breki salama. Mwenye pikipiki mmoja alinipungia mkono. Sikumpungia.

Sasa imeegemea ukuta wa chumba changu, safi, nzuri, na siwezi kuitazama. Wakati naaga, Resti aliniambia nisikose kuja nayo Jumamosi ijayo. Nikamuuliza ya nini, si ameshaiona? Akasema nije nayo tu.

Nitakwenda nayo. Nitaishikilia tena, hata akitaka kubana mpaka giza liingie.