Kiyoyozi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba hii ikinikosa siku moja tu, itaanguka kabla chai haijachemka. Nasema kweli, na hakuna wa kunibishia kwa sababu naandika peke yangu. Bomba – mimi. Paa – mimi. Kiyoyozi cha chumba cha wageni – mimi tena, bila fundi, bila kutoa hata senti.

Leo mama mkwe kaletwa kutoka hospitali, jicho la kulia limefungwa bandeji. Wamemtoa mtoto wa jicho. Daktari kasema jasho lisiingie, vumbi lisiingie, akae penye ubaridi mpaka atakaporudi kuangaliwa. Shemeji yangu na mumewe walitaka akae kwao. Mke wangu kakataa katakata: yeye ndiye mkubwa, mama ni wake kumuuguza. Basi nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima – Mama, hapa umefika! Mashine ile ni kama mwanangu. Ikinisikia nakohoa tu, inaanza kupuliza.

Mume wa shemeji akacheka kwa pua. Mimi namwita Bwana Ratiba. Huyo bwana kila mwaka huita fundi mara mbili aje aoshe viyoyozi ambavyo havijaharibika. Havijaharibika! Ni sawa na kumkamata mtu mwenye afya yake, anakula, anacheka, ukampeleka kuchomwa sindano. Pesa zinamuwasha.

Jumanne, 4 Machi

Mashine ina mafua. Inanguruma, inatoa upepo wa vuguvugu, na harufu kama soksi iliyosahauliwa kiatuni. Halafu maji – ti, ti, ti – juu ya kabati. Nimetega ndoo. Nimeizaba kofi moja la kitaalamu ubavuni. Ikanyamaza. Nikageuka niwaulize, mmeona? Ikaanza tena.

Mama mkwe ni mtu wa adabu, hamsemi mtu vibaya. Kasema tu: mwanangu, mashine yako inanipumulia kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

Mpwa wangu, huyu anayekaa nasi na kuuza kwenye duka la dawa, kacheka hadi kakaa chini. Eti Mjomba, kohoa tena, pengine mwanao hajakusikia! Ulimi kaurithi kwa mama yake. Dada yangu yule hajawahi kuniacha nimalize hadithi.

Mke wangu hakucheka. Anampepea mama yake kwa kipande cha boksi. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Ndoo ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Ratiba kapiga simu. Sauti ya upole – ile ya kukumaliza. Jumamosi asubuhi anakuja na gari kumchukua Mama, maana kasikia jasho limeanza kulowesha bandeji. Mke wangu kaweka simu, kaenda jikoni kukata vitunguu. Nilipoingia nikakuta kisu kipo, machozi yapo, vitunguu havijamenywa. Kaniambia: mume wangu, mama akitoka humu ndani kwa sababu ya joto, sitasahau. Hivyo tu.

Nikameza kiburi, nikatafuta fundi. Wote wana kazi. Anayeweza kuja kesho ni mmoja tu – fundi wa Bwana Ratiba! Dunia hii.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ndefu. Niandike yote kabla sijaanza kuiamini ile hadithi yangu.

Fundi mwenyewe mwanamke, mnene, sauti kama ya mtangazaji. Kaja na pampu ya maji na turubai. Kafungua mfuniko wa mbele, kachungulia. Kisha: vichujio viko wapi?

Nikauliza, vichujio gani?

Nyavu mbili, akasema, hukaa hapa mbele kuzuia vumbi. Akamulika tochi, akasema: Jamani! Mapezi ya ndani, hivi vibati vyembamba vya kupoza hewa, yamevaa blanketi la vumbi. Ndiyo maana hewa haipiti, barafu inaganda ndani kisha inayeyuka juu ya kabati, na mita ya umeme inakimbia wakati nyie mnatoka jasho. Nyavu ungeziosha mwenyewe kila mwezi, mashine nzima ungeniita mara mbili kwa mwaka, ungelipa kidogo kidogo. Kompresa, moyo wa mashine, ikifa, baba, unanunua mashine nyingine.

Wote wakanitazama. Hata Mama, kwa lile jicho moja.

Mdomo ukanitangulia. Fundi wa zamani! nikapaza sauti. Yule Kidevu aliyeifunga! Kaziiba!

Wakalipuka. Mpwa: Kidevu yule? Na alivyokula hapa sahani mbili! Mke wangu kaapa kwamba akikutana naye atamng'oa ndevu moja moja.

Fundi akasema kuosha ataosha, lakini hawashi bila nyavu, vumbi litajaa upya. Na za kuagiza zinachukua wiki mbili. Wiki mbili! Na gari linakuja kesho!

Sasa naandika kwa herufi ndogo. Nyavu nilizitoa mimi. Mwaka jana nilifungua ule mfuniko nikazikuta zimejaa vumbi kama manyoya. Nikawaza kama msomi: upepo utapitaje kwenye godoro? Nikazichomoa. Upepo ukaja, mkali! Mke wangu alinisifu wiki nzima. Na zilikuwa nyavu nzuri, za kiwandani, ningezitupaje? Nikazifunikia boksi la vifaranga huko nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo fundi akiendelea kuosha – maji meusi kama kahawa yanamwagika turubaini – mimi nikatangaza nakwenda kumsaka mwizi. Nikazunguka nyuma. Nikazing'oa, nikazisugua kwa sabuni, nikazifuta kwa shati langu. Nikakimbia hadi kwenye kona na kurudi, ili niheme vizuri. Nikaingia: nimemkamata! Alikuwa na wenzake wawili, wana nondo! Nikamwambia maneno mawili tu, akatetemeka, akazitoa begini.

Mama mkwe akauliza, wawili tu? Nikasema watatu, mmoja alikimbia mapema.

Fundi akazipokea. Akachomoa kinyoya kidogo cha manjano. Huyu mwizi wako anafuga kuku? Nikamjibu, mwizi hakosi mambo yake.

Akawasha. Mngurumo hakuna. Halafu ubaridi – ubaridi wa kweli, unakushukia kama shuka lililofuliwa. Mama mkwe akafumba lile jicho zima, akasema, aaah. Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Nikasingizia mbio.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Ratiba kaja na gari. Kasimama chini ya mashine, kainua kiganja kupima ubaridi. Kaondoka na gari tupu! Nimemsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, nikimpungia mkono mpaka alipokata kona.

Fundi nimemwambia awe anakuja mara mbili kwa mwaka. Nyumbani nimewaeleza kuwa wazo ni langu, la siku nyingi. Nilichomlipa jana kinazidi anacholipa Bwana Ratiba mwaka mzima – hilo sikuwaeleza. Linauma. Lakini bandeji ya Mama ni kavu, mke wangu anaimba jikoni, nami mchana nimelala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Vifaranga wameonekana sebuleni. Mpwa anauliza nani kaacha boksi wazi. Nimesema Kidevu.

Jumapili, 9 Machi

Niko chooni. Kidevu yuko sebuleni!

Mke wangu kakutana naye dukani asubuhi, kamwaga maneno mbele za watu, na yeye, maskini wa Mungu, kaja mwenyewe kujisafisha. Niliposikia hodi yake nikakamata daftari nikaingia huku. Namsikia: shemeji, mimi niliifunga na nyavu zake, tangu siku ile sijakanyaga hapa.

Mke wangu: mume wangu kapigana na wewe na wenzako watatu!

Kidevu: nani, mimi? Kwa mgongo huu? Mimi hata kuvaa viatu nasaidiwa!

Halafu sauti ya mama mkwe, taratibu. Mpeni kiti. Mpeni na chai. Huyu hakuiba kitu. Jicho moja ninalo, zima, na dirisha langu linatazama nyuma. Ijumaa nilimwona mwanangu akipambana na hao wezi. Ni wadogo, wa manjano, lakini walimtoa jasho!

Nikajua nimekwisha.

Kisha kicheko! Mpwa anapiga meza. Kidevu anacheka huku anakohoa. Na mke wangu – kile kicheko chake cha zamani, cha kushika ubavu – anasema, huyu mwanaume, huyu mwanaume, na sauti haina hasira hata chembe. Mama anaongeza: mwacheni jamani, asingezirudisha saa hizi ningekuwa kwa yule wa ratiba, nakunywa maji kwa kutazama saa.

Kumbe alijua tangu Ijumaa, akanisitiri! Mzigo wote umenitoka mabegani. Kidevu nitamwomba radhi, mkono kwa mkono, mbele ya wote. Nimenyoosha shati. Nimefunga vifungo vyote. Natoka kama mwanaume.

Wananiita. Mjomba, toka, chai inapoa! Mke wangu anasema mwacheni, anaona haya.

Si haya. Kitasa cha mlango huu nilikitengeneza mwenyewe, na kwa ndani hakifunguki. Nimekizungusha huku, nimekizungusha kule. Nimekibembeleza. Kidevu kaja hadi mlangoni, anauliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, kama nahitaji bisibisi.

Nahitaji.