Matembele Juu ya Kichwa cha Mkwe

Ngokolo, Jumanne usiku

Hadi leo mchana matembele yalikuwa yanakauka na mimi nayaangalia tu kutoka chini, kama mtu aliyefungwa miguu.

Kile chumba cha uani kina paa la zege. Nililijaza udongo na samadi nikapanda matembele, nikitafuta mboga tu. Kumbe chumba nacho kikapoa. Ndiyo maana mume wangu, kabla hajarudi mgodini Geita, alimhamishia humo baba yake. Presha ya mzee haivumilii joto la bati.

Ila kwetu mke wa mtoto hapandi juu ya kichwa cha baba mkwe. Mzee anashinda ndani kutwa, na akiwa humo mimi sipandi paani. Nisipomwagilia, joto litamrudia. Nimwambieje? Jambo lenyewe halitamkiki kwa mkwe.

Leo niliporudi sokoni nikaanza kuosha vyombo, hasira zote nikazimalizia kwenye sufuria. Mzee akatoka na fimbo yake, akasema huku anautazama ukuta, "Mama Neema, naenda kukaa kwa jirani. Nitarudi giza likiingia."

Nikakimbilia ngazi. Chini yake nikakuta ndoo mbili zimejaa maji. Neema alikuwa bado shuleni, na nyumbani hakuna mwingine.

Mzee huyo huyo, aliyekatazwa na daktari kubeba hata kiti!

Nimemwagilia, matembele yameanza kunyanyuka. Lakini usingizi hauji. Kesho lazima niamke kabla yake, nizifiche hizo ndoo.