Bei Iliyokubaliwa kwa Nyusi

Logan, Queensland
4 Machi 2018

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa zamu ndefu. Wasiwasi wangu ni juu yenu. Kifua chako kimetulia? Na goti la baba je?

Kazi ni ile ile, kuogesha na kulisha wazee wa watu huku wazazi wangu wakijitegemea. Bibi Edna wa chumba cha saba siku hizi ananiita kwa jina la marehemu dada yake, nami naitika. Msimamizi wetu ndiye hajanizoea mpaka leo. Juzi kaniuliza kama nimempa Bibi Edna dawa. Nikapandisha nyusi. Akauliza tena. Nikapandisha tena. Mara ya tatu akaja juu: "Telesia, umempa au hujampa?" Mama, miaka saba niko hapa na bado nasahau kwamba nyusi za kwetu zinasema ndiyo na za hawa hazisemi kitu.

Sasa sikiliza. Nataka kumnunulia baba pikapu. Nimeweka akiba, na kuna yadi ya magari kwenye barabara kuu, imejaa bendera, ina moja nyeupe inayonitazama kila nikipita na basi. Nitaipakia melini mpaka bandari ya Apia, mtaivusha mpaka kisiwani kwetu Savai'i. Baba asibebe tena mzega wa magimbi kutoka mlimani na goti lile.

Nikuambie na lililo moyoni. Natamani nyumbani. Natamani moshi wa tanuri la mawe Jumapili alfajiri, natamani hata makelele yako. Lakini nitarudije mikono mitupu kwa mtu aliyeninyima baraka? Siku ile uwanja wa ndege nilimuuliza, "Baba, nina ruhusa yako?" Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama mlivyonilea, natazama ndara zake za bluu. Nikangoja. Kimya. Nikauliza tena, kimya, mpaka wakaita abiria. Krismasi mbili nimempigia simu, nikamuuliza, "Baba, nije?" Nikasikia pumzi tu. Tangu hapo sijauliza tena. Labda pikapu itaniombea.

Msalimie, hata asipojibu.

Mwanao,
Telesia


Savai'i
29 Machi 2018

Mwanangu Telesia,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo. Kifua changu kinakohoa kikikumbuka. Mshelisheli mwaka huu umezaa mpaka nguruwe wamechoka kula. Wewe je, unakula, au unakunywa chai tu kama hao unaowaogesha?

Habari za baba yako ndizo hizo hizo. Nimeishi naye miaka thelathini na minne na maneno aliyonipa hayajai kikapu. Macho yake hayasomi tena maandishi yako madogo, kwa hiyo namsomea mimi. Nilipofika penye pikapu akainuka akaenda kumfungua nguruwe, na nguruwe mwenyewe hakuwa amefungwa. Yale ya uwanja wa ndege nimeyaruka. Niliogopa, mwanangu. Mambo yenu wawili mimi huwa sijui niyashike wapi.

Ila nikuambie kitu. Kila Jumamosi, meli ikishafika bandarini, anakwenda kukaa kando ya barabara na goti lake bovu mpaka basi lipite. Likipita anarudi ndani anasema ana njaa. Sijamuuliza anamngoja nani.

Gari usilinunue kwa pupa. Muuzaji akikuchekea sana, shika mkoba wako. Na sisi hatuli pikapu, tunataka uso wako.

Mama yako


Logan
22 Aprili 2018

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi mwili mzima, roho inachemka.

Nilikwenda yadi. Nilikaa dakika arobaini kwenye kiti cha plastiki, wauzaji wanne wananipita wakienda kumhudumia mtu na mkewe walioingia nyuma yangu. Mwishowe akaja mmoja anaitwa Darren, kijana wa meno mengi. Ananiita "mpenzi" tangu neno la kwanza, kama vile amekwisha kuja kuposa kwa wazee wangu.

Kwenye kioo cha pikapu wamebandika elfu kumi na moja mia tisa tisini. Nikasema nzuri, naichukua. Darren akacheka. "Mpenzi, hiyo ni bei ya gari. Bado bei ya kuliondoa hapa."

"Sasa gari nitalinunua nikaliache hapa?"

Akatoa karatasi. Kuna ada ya usajili, sawa. Kuna ya makaratasi yenyewe. Kuna ya dawa ya kulinda rangi, na gari lina miaka tisa! Kuna ya "kuliandaa". Nikamuuliza kuliandaa ni nini. Akasema ni kuliosha. Mama, kwa pesa ile ningemwogesha Bibi Edna mpaka mwaka kesho.

Basi nikajikaza. Nikamwambia, "Darren, natoa elfu kumi na moja na mia tano, kila kitu ndani. Tumekubaliana?"

Akanitazama. Kisha akapandisha nyusi, juu kabisa, mpaka paji likakunjamana.

Nilifurahi, mama! Nilimshika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Nikatoa arubuni ya dola mia tano, nikatia sahihi alipoonyesha kidole. Njia nzima kwenye basi nilikuwa namwona baba kwenye usukani, magimbi nyuma.

Jumanne nikaenda kumalizia. Karatasi inasema elfu kumi na tatu mia tisa.

"Lakini ulikubali elfu kumi na moja na mia tano," nikamwambia.

"Nilikubali lini, mpenzi?"

"Jumamosi. Pale pale uliposimama."

"Nilisema nini?"

"Hukusema. Ulipandisha nyusi."

Akawaita wenzake. Nikalazimika kurudia mbele yao, na wakacheka mpaka mmoja akakaa. Darren akasema, "Mpenzi, nilishangaa! Bei yako ilikuwa kichekesho!" Nami nilisimama na mkoba wangu kifuani, nimejiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Nikaenda kulilia kituo cha basi.

Usimsomee baba hii. Atasema nimemwaibisha.

Mwanao,
Telesia


Logan
13 Mei 2018

Mama,

Hamjambo? Najua barua yangu bado iko njiani, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Nimeomba wanirudishie arubuni. Nimepiga simu mara sita. Mara tano wamenipigia muziki, mara ya sita wamenikatia. Nikaenda mwenyewe. Meneja kaniambia arubuni hairudi, nilitia sahihi. Anaongea nami huku anasogeza kidole kwenye simu yake. Kwetu mkosaji angekuja na ukoo wake, wakajifunika mkeka, wakakaa juani mbele ya nyumba yetu mpaka tuwainue. Huyu hakuinua hata kichwa.

Pikapu imekwisha kuuzwa kwa mwingine. Nilipita na basi, mahali pake pana gari jekundu.

Basi, mama, mwaka huu tena siji. Nilitaka kitu cha kutanguliza mbele ya baba na sikukipata. Mwambieni mchungaji kwamba nyimbo za Jumapili ya Watoto, ile ya Oktoba, nazikumbuka zote. Huwa naziimba nikitandika vitanda.

Telesia wako


Savai'i
10 Juni 2018

Mwanangu, kipenzi changu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Barua zako zimefika pamoja, Jumamosi. Ulinikataza kumsomea baba yako ya Darren. Nimemsomea. Ningeichekea peke yangu vipi? Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya Jumapili. Nilipofika pale Darren alipopandisha nyusi nawe ukamshika mkono, baba yako alicheka, Telesia. Alicheka mpaka nazi ikamwagika mkekani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke.

Akasema, "Soma tena pale."

"Pale wapi?"

"Penye nyusi."

Nikasoma. "Hukusema. Ulipandisha nyusi." Safari hii hakucheka. Alishika kifuu mkononi, akakaa nacho.

"Na yeye hakuona?" akauliza.

"Nani? Darren?"

"Telesia. Uwanja wa ndege. Aliniuliza, nikamjibu."

"Ulimjibu lini wewe? Nilikuwa nyuma yako na mabegi, sikusikia neno."

"Nilimjibu mara mbili."

"Kwa mdomo gani?"

Akanitazama, akapandisha nyusi.

Mwanangu, nilipiga yowe jirani wakatoka. "Viliamu! Mtoto alikuwa anatazama viatu vyako!"

Nikaileta ile barua yako ya Machi, nikamsomea yale niliyoyaruka. Ndara za bluu. Kungoja. Krismasi mbili. Nikamuuliza, "Na kwenye simu je?" Akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Mtu mzima, shemasi wa kanisa, aliipandishia simu nyusi! Kumbe wewe huko unasikia pumzi, na yeye huku anangoja uje kwa sababu amekwisha kukuitikia.

Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau. "Mimi nilidhani haji kwa sababu hataki."

Miaka saba, Telesia. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikalia. Nazi ile hatukuila. Usiku hakulala, na asubuhi kanisani wakati wa kuomba alisimama mpaka watu wote wakakaa, ikabidi nimvute shati.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mengine sasa ni yenu.

Mama yako


Logan
8 Julai 2018

Mama yangu, na baba yangu,

Salamu zangu kwenu wote wawili. Ni mara ya kwanza kuandika hivyo tangu nije huku.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako niliisomea chumba cha kubadilishia nguo, nikashindwa kutoka. Bibi Edna alinikuta nalia, akanipa biskuti aliyoificha mfukoni tangu sijui lini, nikaila. Kwa siku nyingi nilikuwa nashika kalamu naiweka. Nilikuwa na hasira pia, nisifiche. Nimewazika shangazi wawili kwa simu. Nimewakosa nyinyi kwa sababu ya kutazama chini.

Kuhusu yadi. Nilichukua mapumziko ya siku moja, nikabeba mkeka ule ulionipa nilipoondoka, nikaenda walipofungua tu. Nikautandika katikati ya magari yanayong'aa, nikakaa, mguu juu ya mguu, kimya. Najua mkekani hukaa mkosaji, na mkosaji hakuwa mimi. Sikuwa na njia nyingine. Watu wanaingia kununua, wananiona, wanauliza, "Huyu mama vipi?" Nami nawaeleza, polepole, bila matusi. Watatu waligeuka wakaondoka. Saa tano meneja akainua kichwa.

Wakamtuma Darren. Nikamwambia, "Nirudishieni yote." Akapandisha nyusi.

Nikamuuliza, "Hiyo ni ndiyo au ni mshangao?"

"Mshangao," akasema.

"Basi nenda ukaulize, urudi na jibu la mdomo."

Alirudi na dola mia nne. Mia moja wamebaki nayo, eti ya makaratasi. Ikawakae kooni.

Pikapu sinunui tena. Akiba yangu inatosha tiketi, na likizo wamenipa Oktoba. Lakini kwa kudhani nimechoka, mama. Darren nilimwona anasema ndiyo asiyoisema, na ya baba iliyokuwepo sikuiona. Kwa hiyo sikati tiketi mpaka nipate jibu. Muulize baba kwa niaba yangu, maneno yale yale. Baba, nije?

Mwanenu,
Telesia


Savai'i
29 Julai 2018

Telesia,

Salamu. Sisi wazima. Goti lipo.

Naandika herufi kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Usinicheke.

Mama yako amenisomea swali lako. Nikajibu. Akasema karatasi haina macho, akanipa kalamu, akatoka nje. Yuko mlangoni anachungulia.

Gari usilete. Mlima tumezoeana. Jumamosi basi linapita kama kawaida, nakaa pale pale.

Ukishuka, nitazame usoni. Hiyo nayo ni ruhusa.

Umeuliza kama uje.

Ndiyo.

Baba yako