Nimemwambia mtoto kengele yake imeharibika, kumbe imemnasa mama mkwe

Shangazi Ndunge mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana sijui nitawaangalia vipi watoto. Kila Jumamosi mimi hufundisha watoto kompyuta na mambo ya umeme mdogo katika ua wa kanisa letu hapa Kabiria, na tunajifunzia shambani, yaani tumepanda sukuma wiki kwenye madebe ya rangi, mbolea tunatengeneza kwa maganda ya jikoni, na watoto wenyewe wameunda kifaa kinachotumia jua ambacho udongo ukikauka kinafungulia maji, na tulikubaliana mboga zikikomaa kila mtoto abebe zake nyumbani. Sasa kuku wa jirani wakaanza kutuharibia, ndipo Kui, msichana mpole ambaye mamake anauza nguo soko la Kangemi, akaandika programu ya kengele inayolia na kupiga picha chochote kikikaribia madebe, na picha zinakuja kwa simu yangu. Ikalia alfajiri. Picha ya kwanza ni mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani na hukaa na ufunguo wa geti, ameinama na kisu na mfuko. Picha ya pili haionyeshi kitu kwa sababu alikuwa ameifunika kamera kwa kitambaa cha kichwa.

Jioni hiyo alipika sukuma, akaniambia, "Kula mama, hii haina dawa ya wadudu," nami nikala. Kui aliponiuliza, "Teacher, iliona nini?" nikamjibu, "Hakuna kitu, imeharibika tu." Akaifungua yote, akakagua kila waya, akaandika programu upya, ikalia tena, mboga zikapungua tena, na mimi nikasema tena imeharibika, mpaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Basi mimi siwezi hii kazi," na tangu hapo haji, yuko sokoni na mamake. Mume wangu Lazarus anasema niwaambie watoto ni panya. Nikimtaja mama, nitaishi vipi kwangu?

Naliaka, Kabiria

Naliaka, pole. Si rahisi kuishi na mtu anayekupikia ushahidi. Ila panya hafuniki kamera kwa kitambaa, kwa hivyo ushauri wa Lazarus tuuweke kando.

Umejaza barua kwa hofu ya mama mkwe, na mama mkwe hana shida, ameshiba. Aliyeumia ni Kui. Ulimtuma mtoto atafute kosa katika kazi isiyo na kosa, na alipolikosa akaamua kosa ni yeye. Hilo hukulifanya mara moja tu, na ulikuwa na picha mkononi.

Leo, mkiwa wawili tu jikoni, mwambie mama mkwe, "Mama, zile mboga ni za watoto. Naomba tusizichume tena." Atasema zilikuwa zinazeeka. Mwache aseme. Usimwonyeshe picha isipokuwa akikataa. Mpe madebe yake apande nyumbani, na ufunguo wa geti uombe kwa heshima, lakini uuchukue.

Kisha nenda Kangemi mwenyewe, usitume mtu. Mbele ya mamake, mwambie Kui, "Kengele yako ilikuwa sawa. Mimi nilijua, nikakudanganya." Akiuliza ni nani alichuma, mwambie ni mtu mzima na umeshazungumza naye. Jumamosi urudie maneno hayo mbele ya watoto wote, hata kama yeye hatakuja.

Na ukishaomba msamaha, nyamaza. Usiongeze "lakini".