Jipu Lisilo na Jeraha

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kama walevi. Mimi! Mchora mabango mzima, ambaye mtaa wote unamwita Herufi.

Wa kulia umevimba tangu Alhamisi. Kwenye kifundo, juu ya kidole gumba. Jana uvimbe ulikuwa kama ndimu, leo kama yai. Unawaka. Homa inakuja na kuondoka ipendavyo.

Mke wangu kanikanda kwa maji ya chumvi. Kauliza nimejichoma na nini. Msumari wenye kutu, nikasema, kwenye ngazi. Sijui ulinitoka wapi msumari huo. Hakuna msumari. Nilitaka tu asihangaike, na tumbo lile la miezi minane kasoro.

Jumatano, 6 Machi

Ukuta wa shule nimeuacha katikati. Unasomeka SHULE YA MSI. Wapita njia wanacheka, mwalimu mkuu hacheki, kapiga simu mara mbili.

Kituo cha afya. Daktari ni dada mdogo, ana sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Lakini alipobonyeza pale niliona nyota! Akapasua. Usaha ukatoka mzito, wa manjano, kama gundi ya mbao. Akachota kidogo kwa kijiti, akaufunga kichupani, ukaenda maabara.

Akageuza mkono wangu huku na huku kama anayetafuta alama ya kiwanda. Jipu hili silielewi, kasema. Halina jeraha. Umejichoma?

Nikasema hapana.

Kwa hiyo daktari nimemwambia kweli, na mke wangu nimemwambia uongo, kuhusu kifundo kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kaja kukaa nasi mpaka mtoto azaliwe. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, pole na mkono. Kaleta kanga kuukuu za kumpokelea mtoto, zimelainika kwa kufuliwa.

Mimba mbili zimeshaharibika katika nyumba hii. Hii ya tatu hatuisemi kwa sauti. Mke wangu anashika ukuta akisimama, anashika tumbo akicheka.

Mke wangu kafua bendeji zangu. Kazianika kamba moja na vinguo vya mtoto. Nilitoka uani nikavikuta vinapeperuka pamoja, bendeji yenye doa la manjano inapiga-piga kofia ya mtoto. Nikaitoa pale bila kujua kwa nini.

Mama mkwe kasema mbele yangu, akichambua mchele: binti yangu ana bahati, mwanaume wake anajua kazi na nyumba tu.

Jumatatu, 11 Machi

Majibu.

Daktari kafunga mlango kwanza. Kavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana. Nikajua si habari ya mkono.

Ni kisonono, kasema.

Nikacheka. Kweli, nilicheka! Nikamwonyesha kifundo: hapa? Daktari, hapa?

Akaeleza polepole. Kwa kawaida kinaonekana huko chini, kwa maumivu na usaha. Mara chache sana kinanyamaza. Kinaingia kwenye damu, kinatafuta pa kujificha. Goti, kifundo, hata msuli wa paja. Yeye mwenyewe hajawahi kukiona mkononi, amekisoma tu vitabuni.

Wengine wanapata umaarufu kwa mambo mazuri.

Nikadungwa sindano. Akauliza mke. Nikasema ana mimba. Kalamu yake ikasimama.

Mlete kesho, kasema. Mimba haizuii matibabu, ila asipotibiwa kabla ya kujifungua, mtoto anaweza kukipata kwenye macho wakati anazaliwa.

Nikauliza: azaliwe haoni?

Kasema: anaweza kuzaliwa anaona vizuri kabisa. Halafu baada ya siku chache, asione.

Nimerudi kwa miguu. Nimepita mabango yangu yote. Kinyozi, duka la dawa, fundi baiskeli. Kila O niliyoichora inanikodolea.

Jumanne, 12 Machi

Sijampeleka.

Naandika hili mara moja tu, lisinisumbue tena. Desemba. Kazi ya nyumba ya wageni, mji wa pili. Vyumba kumi na viwili, namba mpya kwenye kila mlango. Siku tano. Mhudumu wa mapokezi alikuwa ananiletea chai kwenye ngazi, anasema sita yangu ina kitambi. Tukacheka. Mchana mmoja mvua ikanyesha, kazi ikasimama, tukaingia chumba hicho hicho cha sita, rangi ya mlango haijakauka. Niliondoka na doa la kijani kwenye kiwiko. Nyumbani mke wangu akalitoa kwa mafuta ya taa, akinisema kwa upole kuwa sijui kunawa.

Hakuna kilichoniuma baadaye. Sikuona dalili yoyote. Nikadhani limepita.

Halijasaidia kuliandika. Sasa naliona mpaka kwenye kikombe.

Alhamisi, 14 Machi

Jana nilijaribu. Alikuwa ananimenyea chungwa, maana mkono mmoja hauwezi. Nikasema: mke wangu, kuna jambo. Akasema: najua, mkono unakuogopesha, utapona, utachora tena. Akanitia kipande mdomoni.

Nikameza.

Leo nimepiga simu ile nyumba ya wageni. Daktari alisema na huyo mwingine atibiwe. Sauti ya mwanaume ikajibu. Yule dada? Aliacha kazi mwezi uliopita. Alikuwa analalamika tumbo, siku nyingine hawezi kusimama. Karudi kwao. Wapi kwao? Hajui. Wewe nani?

Nikakata.

Sasa wako watatu. Mmoja hana anwani, mmoja ananimenyea machungwa, mmoja bado hajafumbua macho.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari kapiga. Mbona humleti?

Amesafiri, nikasema. Kwa dada yake.

Na wakati huohuo mke wangu anaimba jikoni! Nilifunika simu kwa kiganja, lakini nadhani daktari alisikia. Kisha kasema: Jumatatu. Ukishindwa wewe, nitakuja mwenyewe na mwuguzi, na nitazungumza naye faragha.

Nimefurahi. Aibu gani hii, nimefurahi! Nimepata siku tatu.

Mkono unapona. Ngozi inajifunga. Mama mkwe anasema Mungu mkubwa.

Jumamosi, 16 Machi

Niko korido ya wodi ya wazazi, kwenye benchi. Daftari lilikuwa mfuko wa koti.

Chupa ya uzazi imepasuka saa mbili asubuhi, mke wangu akiwa anafagia. Wiki nne kabla ya wakati. Akasimama na ufagio, akatazama sakafu, akasema tu: Herufi. Tukakodi gari la jirani muuza mitungi ya gesi. Mama mkwe alikaa nyuma akimshika mgongo, mimi mbele na mfuko wa nguo za mtoto.

Mkunga ni mama mnene, mikono yake haina haraka. Akamlaza, akapima, akauliza maswali ya kadi. Mimba ya ngapi. Damu kundi gani. Kisha akanitazama mimi mlangoni. Huo mkono una nini? Kuna ugonjwa wowote nyumbani?

Mke wangu akajibu kabla yangu. Katikati ya uchungu, akihema, ananitetea: ni msumari tu, sista. Msumari wenye kutu. Anapona.

Mkunga akainamisha kichwa kuandika.

Nikaona kalamu inaanza.

Nikasema: si msumari.

Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Si msumari, mama. Ni kisonono. Wamepima usaha. Nimechomwa sindano Jumatatu. Yeye hajachomwa. Hajui.

Hakuna aliyepiga kelele. Mkunga alishafika kwenye kabati, anamwita mwenzake, anataja dawa, sindano ya mama, matone ya macho yawe tayari. Haraka ile iliniogopesha kuliko tusi.

Mke wangu hakuniuliza nani. Aliuliza: tangu Jumatatu?

Nikasema ndiyo.

Akageuzia uso ukutani, uchungu mwingine ukamkamata.

Mama mkwe akaja mpaka mlangoni. Nilidhani atanipiga, nikataka anipige. Akachukua mfuko kutoka mkononi mwangu, kwa uangalifu, asiguse kidonda. Akasema: kaa hapo, baba. Hajawahi kuniita baba. Siku zote ni mwanangu.

Mlango umefungwa. Saa sita kasorobo sasa. Ndani wanamwambia sukuma, mama, sukuma. Yeye simsikii kabisa.

Kuna sauti ya maji yanamiminwa. Mtu kasema: ametoka, taa, leta taa karibu, nione macho ya mtoto.