Siku Uliyokuja Kitale Bila Ndoo

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Kitale, kwenye nyumba ile ile ya mbao karibu na stesheni. Mjukuu wako Nasimiyu yuko hapa mezani, anadhani naandika barua ya kwenda kwa mjomba wake. Nimemwacha adhani hivyo. Nikimwambia namwandikia mtu aliyezikwa, ataniuliza stempu nitaibandika wapi, maana mdomo wake ni wako kabisa.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umechoka kufua mashuka ya hospitali ya misheni, ukasema sasa utajitegemea. Baba alikuwa hajarudi kutoka vitani na sisi tulikuwa tumeacha kumngoja. Ukatafuta ndoo mbili na brashi, tukatoka Kabuchai asubuhi kwenda Bungoma kutafuta wateja. Kupaka sakafu kwa samadi na majivu, kufua matandiko, kusugua sufuria zilizoungua, hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu. Watu walitucheka. Mke wa karani wa reli alikuuliza, "Ati nikulipe unipakie nyumba? Si mimi niko na mikono?" Ukamjibu, "Uko nayo, mama, lakini yako inaogopa samadi." Akafunga mlango kwa kishindo. Tulizunguka mpaka miguu ikawaka moto, na tulirudi nyumbani tukala mihogo mitupu.

Mteja wa kwanza alikuwa yule fundi cherehani aliyeshona mbele ya duka la Mhindi. Ulisimama mlangoni kwake ukaanza kuisifu kazi yako, kisha ukanyamaza katikati ya maneno. Ukaitazama mikono yako. "Mtaniita," ukasema, tukaondoka. Fundi alikuwa mzima, anacheka na uzi mdomoni. Siku ya tatu walituita, kwa sababu fundi alikuwa amekufa, na kwetu waombolezaji hawaingii katika nyumba ambayo haijapakwa upya. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Tulikuwa tumepata kazi.

Baadaye ikawa kwa mwalimu wa kanisa. Kisha kwa yule mama aliyekuwa amejifungua vizuri, hata alikuwa ameanza kuteka maji mwenyewe. Kila mahali ulisema "mtaniita," na kila mahali walikuita. Nilikuuliza unajuaje, tukiwa mtoni, tunasuuza blanketi za huyo mama.

"Sijui, Nafula," ukasema. "Nikifika kwa mlango mikono inakuwa baridi. Inakufa ganzi mpaka hapa kwa viwiko. Basi najua kazi iko."

"Si uwaambie?"

"Niwaambie nini? Na wakishajua, wafanye nini?"

Ukaendelea kusuuza. Sikukuuliza tena.

Lakini watu wana macho. Walianza kukuona kwa mbali na ndoo zako, nao wakashika mifagio. Wanawake walifagia uwanja mbio mbio, wakapaka kuta ambazo hazikuwa na ufa, ili ukose si kazi tu, bali hata sababu ya kusimama. "Hapa ni safi, mama! Tafadhali, pita tu!" Nadhani Bungoma haijawahi kung'aa kama miaka ile. Wewe ulipita katikati ya usafi huo wote, umenyooka, unasalimia kila mtu kwa jina. Wengine walisema unavileta vifo ili upate kazi. Mimi sikusema hivyo, ila nilipoolewa na Wanyonyi huku Kitale, nilishukuru kwamba ni mbali. Hilo sikuwahi kukuambia.

Nasimiyu alikuwa na miezi minne ulipokuja. Alikuwa na homa siku ya tatu, anakohoa mpaka anageuka rangi, na Wanyonyi alikuwa kazini kwenye ghala la mahindi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Nikakuona ukishuka kwenye lori, umejaa vumbi, unakuja moja kwa moja kwangu. Ulisimama mlangoni, mikono umeikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi, ukasema, "Nafula, kazi iko."

Sikukukaribisha. Sikukupa hata maji. Nilipiga kelele, mimi binti yako, majirani wakisikia: "Hapa hakuna kazi! Enda na kazi yako!" Nikafunga komeo.

Nilikuwa nimebeba ndoo zako tangu nikiwa msichana mdogo, na bado sikuona kwamba hukuja na ndoo, wala brashi, wala kitambaa cha kujifunga kiunoni. Mtu aliyekuja kufanya kazi hangekuja mikono mitupu. Nilimwona mtoto wangu tu.

Nilimkumbatia mchana kutwa nikingoja apoe. Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka, akanyonya, akalala. Nikajiambia nimekishinda kifo kwa kukifukuza mlangoni. Nilijivuna, Mama. Nilimpikia Wanyonyi kuku.

Siku ya nne jirani yenu akaleta habari. Nilipofika Kabuchai nilikukuta umelazwa nje, chini ya turubai, na waombolezaji wamesimama uani. Hakuna aliyekubali kuipaka nyumba yako. Wanawake waliogopa kugusa kazi yako. Niliingia peke yangu. Ulikuwa umeanza mwenyewe, kutoka kitandani hadi katikati ya chumba, laini kama ulivyonifundisha. Kisha alama za vidole zikawa hafifu, zikapinda, zikaisha. Nilipiga magoti nikaanzia pale ulipoachia. Nilipoigusa samadi yako, mikono yangu ilikuwa baridi mpaka viwikoni, na sijui kama ilikuwa ni maji tu. Nilimaliza, watu wakaingia, tukakuzika.

Walipouliza kama ulisema chochote ulipokuja Kitale, nilisema hapana. Nilimwambia Wanyonyi hapana, nikaliambia kanisa hapana, nikaapa mbele ya wajomba kwamba uliondoka bila neno. Miaka yote hii nimeshikilia hivyo, na usingizi wangu umekuwa wa kuombaomba.

Mama, ulisema. Ulikaribia ubao wa mlango, ukaongea polepole ili usimwamshe mtoto. "Si hapa, mwanangu. Ni kwangu. Nimekuja kukuomba wewe unipakie, maana hao wengine hawatakuja." Nilidhani ni ujanja wa kunifanya nifungue. Nilikuwa upande wa pili, mkono uko kwenye komeo, na nilisikia kila neno.

Pumzika sasa. Mimi nitabaki na hili.

Ni mimi binti yako, uliyemwomba,
Nafula