Wamenihukumu Nikiwa Huku

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au bado unakohoa? Na kichanga ameanza kukaa? Mimi mzima wa kutembea, ila mgongo umegoma. Mwezi wa nane huu napasua kokoto.

Barua yako niliisoma mara tatu. Miaka mitatu jela kwa kuiba msumeno wa umeme wa karakana niliyokuwa nikifanya kazi, na mimi sipo! Nyapara alicheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe ana mfungwa anayefanya kazi bila askari. Nami nilicheka. Halafu chakula kikanishinda.

Unasema wito wa mahakama ulibandikwa kwenye mlango wa chumba nilichohama. Nani angeusoma pale, panya? Unasema pia hakimu alikuuliza niliko, ukajibu hujui, ukidhani unanificha. Dada, kila barua yangu ina jina la machimbo haya juu yake. Wewe ulinionea huruma, yeye akaandika kwamba nimetoroka.

Lakini kilichonichoma ni shemeji, mumeo. Eti aliapa kwamba aliniona, mchana wa siku ya mapumziko, nikiutoa msumeno kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemuuliza yeye, fundi cherehani, alifuata nini kwenye karakana ya maseremala iliyofungwa. Swali moja tu hilo, na wa kuliuliza nilikuwa huku na nyundo mkononi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Siku ile nilirudi karakana kuchukua randa yangu, nikamkuta mumeo ameubeba msumeno, jasho linamtiririka. Alinipigia magoti. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi minane. Nikanyamaza, na wiki ileile nikaja huku ili nisiulizwe. Mimi kwa kunyamaza, wewe kwa kusema hujui, tukamwachia aseme peke yake.

Karani wa hapa anasema naweza kuomba kesi isikilizwe upya, ila lazima nijisalimishe mwenyewe. Kesho kutwa napanda basi. Najua nyumba yako itakavyokuwa nikishasema, na hilo limenilemea kuliko nyundo. Lakini jela simwendei mtu.

Wabusu watoto. Shemeji naye msalimie. Mwambie ajiandae kuyarudia maneno yake, safari hii akinitazama usoni.

Ni mimi mdogo wako,
mpasua kokoto.